Kadi Iliyotoka Kibuyuni

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa blanketi na thamosi, zawadi za mtu anayetarajiwa kulala kuanzia hapo. Asanteni. Blanketi ni zito na thamosi inaweka joto vizuri. Lakini usingizi haujaja jinsi mlivyopanga, kwa hiyo nimechukua daftari niwaandikie yale ambayo sikuwahi kuyamaliza pale mezani, maana kila nilipoanza kusimulia, nyinyi mlikuwa mnavaa hedifoni. Mambo ya vyeo sitayagusa. Studio yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na wengine. Mshahara nao tuuache upumzike.

Niliingia kazini nikiwa msichana aliyetoka kumaliza shule huko magharibi, Kiswahili changu kikiwa bado na Kibukusu kingi ndani yake. Wakati huo studio ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na wateja walipanda ngazi wakinusa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mabibi harusi walifika juu wakiwa wamekunja pua, ndiyo maana picha nyingi za miaka ile hazina tabasamu. Aliyenipokea ni Mzee Njuguna, fundi wa chumba cha giza, mtu mfupi wa koti la kijivu na vidole vilivyogeuka rangi ya chai kwa sababu ya dawa za kusafishia picha.

Asubuhi ya kwanza alinituma boksi la karatasi za picha. Nililileta. Na kwa kuwa nilifunzwa nyumbani kuwa na bidii, nikalifungua kabisa pale dirishani nione kama karatasi zimepangika vizuri. Boksi zima likaona jua. Kwa msiojua, nanyi hamjui kwa sababu mmezaliwa juzi, karatasi ya picha ikiona jua imekwisha. Mzee Njuguna hakunifokea. Alichukua moja, akaitia dawa mpaka ikawa nyeusi tititi, akaibandika ukutani na kuandika chini yake kwa rangi nyeupe: "Picha ya kwanza ya Nafula." Ilikaa pale miaka na miaka. Wateja wakiniuliza ni picha ya nini, nilijibu ni mtaa wa Langas stima ikipotea.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtu akikuletea filamu amekuletea siku ambayo haitarudi, kwa hiyo mikono ioshwe kwanza na mdomo ufungwe baadaye. Kuona tunaona kila kitu, lakini hatujaona kitu. Nimeona Eldoret hii ikiwa imevua viatu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunisikia nikitaja jina.

Kamera za kadi, zisizotumia filamu, zilipoanza kuingia, Mzee Njuguna alizicheka. Alisema picha isiyolowa maji haiwezi kudumu. Halafu akaja mteja analia, kadi imekataa kufunguka na ndani yake ni ubatizo wa mtoto wake. Mzee akaacha kucheka. Alienda kwa rafiki yake aliyekuwa akifundisha kompyuta mjini, akakaa darasani wiki mbili na vijana wa rika la wajukuu wake, akarudi na programu kwenye sidii na amri moja: nakala kwanza. Usiifanyie kadi mgonjwa jambo lolote kabla hujainakili yote, hata zile sehemu zinazoonekana tupu. Halafu kadi iweke kando na uhangaike na nakala. Ukiharibu nakala, utatengeneza nyingine. Ukiharibu kadi, utaenda kumweleza mama wa mtoto.

Ajabu ni kwamba kadi huwa haifi haraka. Unapofuta, au unapobonyeza ile "format", unakuwa umechana tu ukurasa wa yaliyomo, lakini kurasa zenyewe bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Shida yetu daima imekuwa wenye kadi. Kuna wanaozipuliza mpaka zinalowa mate. Kuna wanaozizika kwenye mchele. Mchungaji mmoja wa upande wa Plateau aliipaka yake mafuta ya upako, ya kutosha kukaangia yai, akaiombea, na iliponijia iliteleza mkononi mara tatu. Nilimfutia kwa spirit, nikaitoa mikutano yake yote ya injili, na jumapili iliyofuata akashuhudia kanisani kwamba mafuta yalifanya kazi. Spirit haikutajwa.

Na kuna mpiga video aliyerekodi mazishi ijumaa, akafuta kadi, akarekodi harusi jumamosi, kisha jumatatu akagundua kwamba mazishi alikuwa hajayahamisha. Programu ilirudisha kila kitu kwa mpangilio wake yenyewe. Nashukuru Mungu nilitazama kabla ya kumpa, kwa sababu bibi harusi alimlisha bwana harusi keki, watu wakapiga vigelegele, na papo hapo jeneza likaanza kushuka.

Halafu ukaja uchaguzi wa 2007 na vurugu zake, na hapa mzaha wangu unapungua kidogo.

Siku zile za mwisho wa mwaka, moshi ulionekana kutoka dirisha la studio, kwanza upande wa Langas, baadaye pande zote. Mzee Njuguna alikuwa ameishi Eldoret miaka mingi kuliko niliyokuwa nimeishi duniani. Alikuja dukani asubuhi moja na mkoba mmoja, jirani yake wa miaka yote akimsindikiza kwa sababu siku zile mtu wa kabila lake hakuweza kutembea peke yake barabarani. Alinipa funguo za chumba cha giza na za kabati la kompyuta. "Nafula, nakala kwanza," akaniambia. "Hayo mengine utajua." Alilala kanisani siku kadhaa pamoja na familia yake, kisha wakapanda lori la kwenda Nakuru. Hakurudi. Tulipigiana simu mpaka alipofariki, na kila mara aliuliza kama ile karatasi nyeusi bado iko ukutani. Nilikuwa na uchungu mwingi, na hasira pia, na vyote viwili bado ninavyo.

Tulipofungua duka tena, kazi iliyoletwa haikuwa ya kuchekesha. Watu walileta kamera zilizoyeyuka upande mmoja, simu zilizolala kwenye mvua, kadi zilizookotwa kwenye majivu. Mama mmoja hakutaka picha ya mtu yeyote. Alitaka ya mlango wake, aliokuwa ameupaka rangi ya kijani krismasi ile, na nilipompatia ule mlango nyuma ya mtoto anayekula mandazi, alikaa kwenye benchi letu mpaka tukafunga.

Lakini hata mwaka ule sikukosa kamchezo. Alikuja bwana mmoja nadhifu, mtu wa kanisa, anatafuta picha za mahafali ya binti yake zilizopotea kwenye kadi. Nikazipata. Nikapata na nyingine alizodhani zimefutika: yeye mwenyewe, mwezi wa kwanza, godoro la mtu kichwani, anacheka na kamera. Sikumwambia kitu. Nilizichapisha zote, nikaweka ile ya godoro juu kabisa, nikafunga bahasha na kumtakia siku njema. Wiki iliyofuata nikasikia kwamba kuna familia iliyorudi Langas ikakuta godoro lake limeegeshwa mlangoni, limeanikwa hata. Mimi sikuona kitu.

Sasa niwaambie ile kazi iliyonifanya nichukue daftari.

Miaka mitatu hivi baada ya vurugu, Njeri alipanda ngazi zetu, mtoto mgongoni na bahasha ya sadaka mkononi. Alikuwa fundi wa nguo kule Langas. Ndani ya bahasha kulikuwa na kadi ya kamera, nyeusi kwa masizi, inanuka mkaa na maziwa yaliyochacha. Nimepokea kadi zenye matope, zenye uji, na moja iliyopita tumboni mwa mbwa, lakini ile ilinishinda kukisia. Nikampa kiti nikamwambia anieleze imetoka wapi.

Akasema imetoka kwenye kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha.

Jumamosi moja ya Desemba, kabla tu ya uchaguzi, watu wake Njeri walienda Kapseret kwa akina Kiptoo, kijana aliyekuwa akikusanya maziwa ya mashamba kwa pikipiki, ili uchumba ufungwe. Nyanya yake Kiptoo, ambaye wote walimwita Kogo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma. Aliwabariki wale wawili na kumpa Njeri kibuyu cha shanga, cha kugandishia maziwa, kile ambacho bibi harusi wa kwao hupewa. Dada yake Njeri alikuwa na kamera ndogo, akarekodi.

Wiki chache baadaye watu wa Njeri walikuwa wakikimbia kutoka Langas. Kwenye vizuizi vya barabara vijana walikuwa wakinyang'anya simu na kamera, kwa hiyo yule dada akachomoa kadi na kuitumbukiza kwenye kibuyu, kilichokuwa na maziwa mazito yaliyobaki chini. Kamera ikachukuliwa kweli. Kibuyu hakuna aliyekigusa. Kijana mmoja wa kizuizini alikitazama, akamuuliza Njeri amepewa na nani, akajibu ni Kogo wa Kapseret. Kijana akasogeza gogo, akawaambia wapite. Walipofika salama wakakitikisa kibuyu juu chini, kadi haikutoka. Wakaamini kadi ilianguka njiani.

Kogo alifariki Januari ile ile. Alizidiwa, na njia za kwenda hospitali zilikuwa zimefungwa. Alizikwa upesi na watu wachache. Mwanawe mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu aliyeitwa Mwalimu Lagat, alikuwa amekwama Kitale kwa bintiye na hakufika mazishini. Siku zile kila mtu alikuwa na barabara yake iliyofungwa na mtu mwingine. Mwalimu alitafuta wa kumlaumu, akawapata watu wa kabila la Njeri. Na kwa kuwa baba yake Kiptoo alikuwa amefariki zamani, yeye kama baba mkubwa ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Akasema hakukuwa na uchumba. Wageni walikuja, wakanywa chai, wakaenda. Mama yake hakumbariki mtu. Waliokuwepo siku ile walipoulizwa, mmoja baada ya mwingine alikumbuka kwamba wakati huo alikuwa jikoni. Jiko hilo lazima lilikuwa kubwa.

Njeri na Kiptoo walikuwa wamerudiana, wakapanga nyumba Langas, wakapata mtoto. Mtoto huyo hakuwa amewahi kupokewa Kapseret. Na jumamosi iliyokuwa inakuja kulikuwa na mkutano wa familia ambapo Mwalimu angetangaza kwamba Kiptoo hana mke, na kwamba msichana wa boma jirani ameshaulizwa kuhusu kuolewa naye. Kiptoo, ambaye ni mpole kupita kiasi, alisema kama ni hivyo atahama na Njeri waende mbali. Njeri hakutaka.

"Nikienda na yeye hivyo, maisha yangu yote nitaitwa mwizi," akaniambia. "Sikumuiba, Mama. Nilipewa."

Kadi yenyewe ilipatikana hivi, na hapa nisameheni nikicheka. Mwalimu alifika mara moja tu katika ile nyumba ya Langas, akakuta kibuyu cha mamake kimening'inizwa kwenye msumari, kimetulia na vumbi. Akawaka. Msichana gani huyu asiyejua hata kutunza kibuyu? Kibuyu husuguliwa ndani kwa brashi ndefu, kikaushwe, halafu kitiwe kaa la moto la mti maalum, lisagwe mle ndani mpaka kuta ziwe nyeusi. Njeri hakuwahi kuonyeshwa, na Kogo aliyepaswa kumwonyesha alikuwa ametangulia. Mwalimu akaamuru kibuyu kisafishwe na kirudishwe Kapseret kabla ya mkutano. Kiptoo akachukua brashi, akasugua maziwa makavu ya miaka mitatu yaliyoshika chini, kadi ikatoka nayo. Fikirini kidogo. Kama Njeri angekuwa mke hodari kama Mwalimu alivyotaka, angetia kaa la moto mwezi wa kwanza tu, na ushahidi ungekuwa moshi. Na kama Mwalimu hangegombana, kadi ingekuwa bado inalala. Mimi ningempa mzee huyo cheti.

Ilikuwa jumatatu. Kompyuta haikuiona kadi kabisa. Nikakagua vile vijipande vya shaba vya kadi kwa lenzi ya Mzee Njuguna. Asidi ya maziwa ilikuwa imevishikisha ukungu wa kijani. Hapo usikimbilie kisu, vijana. Chukua raba ya penseli, ile nyeupe laini, sugua upande mmoja tu bila kurudi nyuma, malizia na spirit kwenye pamba ya masikio, subiri ikauke. Jumanne kompyuta ikaiona na mara moja ikaniuliza kama ningependa kuifomati. Kompyuta ina adabu ya mhudumu wa hoteli anayekuondolea sahani ukiwa bado unatafuna. Nikaikatalia, nikaanza nakala.

Kila baada ya dakika chache kadi ilipata joto na kupotea, na kazi ikasimama. Nikajaribu feni. Mwishowe nikashuka dukani nikanunua soda baridi, nikaifunga na mfuko wa plastiki mkavu, nikaegemeza kisomeo cha kadi ubavuni mwake. Ikasonga. Soda ikipoteza baridi, tunainywa na kununua nyingine. Jumatano peke yake nilikunywa soda nne kwa ajili ya kazi, na ndiyo sababu ya ile risiti mwenye duka aliyoipigia kelele. Stima ilipotea mara moja na betri ikatushikilia. Njeri alikuja kila mchana, akakaa kwenye benchi akishona vifungo kwa mkono, asiulize kitu. Mtoto wake alijifunza kusema "soda" juma lile.

Alhamisi nilikuwa na vipande tisa vya video. Mbuzi. Sufuria. Kina mama wakiimba. Kipande cha nne kilinifanya nisimamishe kazi nipanguse miwani: Mwalimu Lagat mwenyewe, Njeri akiniambia ndiye, suti kamili, amefungwa leso kiunoni na mamake Njeri, anacheza mpaka kofia inamwanguka. Cha saba ndicho kilikuwa chenyewe. Kogo amesimama mbele ya mlango, kibuyu mkononi, watu wamejipanga nyuma yake, mdomo wake unasema na mkono wake unamwonyesha Njeri.

Picha ilikuwa safi. Sauti ilikuwa imekufa. Nilijaribu njia zote nilizozijua na mbili nilizobuni, nikapata tu kelele za mvua kwenye mabati.

Nilimwambia Njeri ukweli, maana hiyo nayo ni kazi. Nikamuuliza Kogo alisema nini hapo. Hakujua. Kogo alisema kwa Kikalenjin, Kiptoo alisimama kule nyuma na vijana wenzake asisikie vizuri, na Njeri mwenyewe aliinamisha kichwa tu. Alishika uzi wake akauzungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe. Nilimhurumia sana, na huruma yangu ikiwa kubwa huwa inatafuta ujanja.

Nikampigia Mwalimu simu. Nikajitambulisha kwa heshima zote kwamba mimi ni mama wa studio mjini, kuna kanda ya Kapseret ambayo huenda ikaonyeshwa jumamosi mbele ya jamaa wote, na kwamba ndani yake yuko mzee mmoja wa suti na leso. Je, yeye kama mwenyekiti wa mkutano angependa kuiona kwanza? Akasema atakuja kesho yake saa nne.

Alikuja saa nne kasoro kumi, mwavuli mkononi, kalamu nyekundu mfukoni. Njeri alisimama karibu na mlango na mtoto wake. Alimsalimu, Mwalimu akaitikia huku akiangalia rafu za fremu. Nikamwekea kiti mbele ya skrini, nikaanza na ile ya leso, kwa sababu nilistahili.

Alijitazama akicheza mpaka mwisho. "Huyo ni mimi," akasema. "Sikatai. Watu hucheza hata harambee, Mama. Kucheza si uchumba."

Nikaweka cha saba. Lazima niwaeleze baraka za kule zinavyokwenda, maana wengine wenu mmekulia mjini. Mzee husema maneno machache, anatua, na watu wote huitikia neno moja kwa pamoja. Anasema tena, anatua, wanaitikia. Mwalimu alitazama mpaka kikaisha.

"Sauti iko wapi?"

"Imekufa, Mwalimu."

Akatulia kitini kama mtu aliyeshinda kesi. Akasema basi hapo hakuna kitu, mamake anaweza kuwa anaitisha maji. Lakini hakusimama. Mwavuli wake aliulaza sakafuni. Baada ya muda akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Kogo akatokea tena mlangoni na kibuyu chake, akasogeza kitambaa chake cha kichwa kwa kidole gumba, na nikamwona Mwalimu akivua kofia. Kilipoisha aliniashiria tu kwa mkono, nikarudisha mara ya tatu.

Safari hii midomo yake ilianza kusogea. Kogo alisema, akatua, na Mwalimu akaitikia kwa sauti ya chini. Kogo akasema, akatua, Mwalimu akaitikia. Kwenye skrini, katika mstari wa watu walio nyuma ya Kogo, wa pili kutoka kushoto alikuwa yeye mwenyewe, na yule wa kwenye skrini na huyu wa kwenye kiti walifungua midomo wakati mmoja, kila mara, bila kukosea hata pumzi. Nilijifanya natafuta miwani yangu, nayo nilikuwa nimeivaa. Mtu hawezi kujua pa kuitikia kama hakusikia kilichosemwa. Nilitaka sana kumwambia hivyo. Kwa mara moja katika maisha yangu nikanyamaza.

"Sikumzika," akasema kilipoisha. Alikuwa analia na hakujificha. "Huyu mama sikumzika mimi."

Nikampa chai. Akaishika bila kunywa, akaniuliza kama sauti haiwezi kurudi kabisa, hata nikipewa mwezi mzima. Nikamwambia haiwezi.

"Basi kesho lete hii mashini Kapseret. Nitasimama kando yake. Pale mama anasema, nitasema mimi."

Halafu akageuza kiti kuelekea mlangoni. Miaka ile yote alikuwa akimwita "huyo msichana".

"Njeri," akasema. "Hapo mama anakuonyesha na mkono, unajua alikuwa anasema nini?"

"Sijui, Baba."

"Alisema, huyu mtoto ameingia kwangu. Kuanzia leo mtu asimuulize ametoka wapi." Alishusha kikombe kwenye meza yangu, juu ya karatasi zangu, na sikumkataza. "Na mimi nimekuuliza miaka mitatu."

Njeri hakumwambia ni sawa, wala hakumwambia si kitu. Alimkaza mtoto mgongoni, akasogea mpaka kando ya kiti. Mwalimu akaniashiria nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Kogo akatokea mlangoni akafungua mdomo, Mwalimu akaanza kusema maneno yake kwa sauti, na alipotua mara ya kwanza, Njeri akaitikia.